Ziwa au Bahari? Kwanza Sema Nani Atakuosha

Kuna mjadala ambao watu wetu wa majuu wanaupenda sana wakikaribia miaka sitini. Wakistaafu, wanunue nyumba kando ya ziwa au kando ya bahari? Kisumu au Kilifi? Mbita au Diani? Utausikia kwenye harusi za Desemba hapa Kisii, na kwenye matanga pia, mradi kuna meza, soda na watu watatu waliotua juzi. Wanaujadili kwa makini kama wazazi wanaomchagulia kijana mchumba. Upepo wa wapi ni mzuri, ploti ya wapi imepanda bei, ndege ya wapi ni ya karibu.

Mimi nasema swali lenyewe ni bovu. Maji hayamwoshi mzee. Mzee huoshwa na mtu.

Na kama kuna kabila duniani ambalo halihitaji kuambiwa hivyo, ni Abagusii wa Minnesota. Nenda Minneapolis, nenda Brooklyn Park, uliza hao jamaa wa Nyamira na Ogembo wanafanya kazi gani. Wako wenye biashara, wako wahasibu, sikatai. Lakini wengi sana wamepata riziki kwa kutunza wazee na wagonjwa: manesi, wasaidizi wa manesi, watu wa zamu ya usiku. Wamewageuza watu kitandani saa tisa usiku, nje kuna barafu hadi magotini. Wamekata kucha za watu wasiojua tena majina ya watoto wao. Wanajua kidonda cha kulalia kinaanzaje na kinanukaje. Nyumba za matofali unazoziona kutoka Suneka hadi Keroka, nyingi zimejengwa kwa pesa ya kazi hiyo. Karo zetu zimelipwa nayo. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na Marekani ndiyo iliyoongoza. Hiyo si pesa ya kuokota.

Kwa hivyo, mtu aliyefanya kazi hiyo miaka thelathini akianza kuongea kuhusu uzee kama tangazo la hoteli, mimi nashangaa. Wewe ndiye uliyeona. Mzee aliyelala dirishani akitazama maji mazuri, je, yale maji yalimsaidia alipoanguka bafuni?

Nafikiri najua ndoto hii ilitoka wapi. Minnesota inajiita Nchi ya Maziwa 10,000, na maziwa yenyewe si ya kunywa. Nyumba ya kando ya ziwa kule ni ya mwenye nacho. Kuna watu wetu ambao walipata kuingia nyumba ya namna hiyo kwa sababu moja tu: walitumwa kumwosha mwenyewe. Ukiosha mtu kwa miaka, ukiona dirisha lake na kiti chake na mashua yake imefungwa pale nje, mwishowe unatamani uwe yeye. Sikulaumu kwa kutamani. Ninachosema ni kwamba ndoto hiyo umeiazima kwa mgonjwa wako, na umesahau kuazima kitu kimoja alichokuwa nacho. Alikuwa na wewe.

Sasa tuchukue hizo nyumba mbili, tuzipime kwa haki.

Ziwa lina mazuri yake. Kutoka Kisii hadi Kisumu ni saa mbili na ushee barabara ikiwa tulivu. Kuna uwanja wa ndege, kuna hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, kuna samaki. Ndugu yako akitaka kukuletea ndizi na mtindi wa kibuyu, anapanda matatu asubuhi na jioni yuko kwake. Lakini ukanda wa ziwa ndio unaoongoza kwa malaria Kenya nzima, na wewe umekaa kwenye baridi miaka mingi, mwili umesahau. Kuna kichocho kwa anayedhani ataogelea. Kuna gugumaji, ambalo wiki hii liko kwa jirani na wiki ijayo limefunika ufuo wako wote. Na ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Mwaka 2020 lilipanda likavuka hata rekodi ya 1964, likaingia kwenye nyumba, shule na hoteli, kutoka Busia hadi Homa Bay. Wavuvi waliohama hawakulipwa na mtu. Huyo jamaa anayekuuzia ploti ambayo "inagusa maji" hatakuambia kwamba kuna miaka maji nayo huigusa ploti.

Bahari nayo ina mazuri yake. Diani ina kiwanja cha ndege pale Ukunda, Mombasa ina hospitali kubwa, na kuna desturi ya muda mrefu ya wageni kuja kuzeekea huko. Waitaliano wamekuwa Malindi tangu miaka ya 1960, enzi za kituo cha San Marco kilichorusha setilaiti kutoka baharini karibu na Ngomeni. Wajerumani wamejaa Mtwapa na Diani. Kwa hivyo huendi kuwa wa kwanza. Lakini joto la Machi huko si mchezo kwa moyo wa mzee. Chumvi inakula mabati na vitasa, na visima vingi maji yake ni ya chumvi, kwa hivyo utanunua maji ukiwa umezungukwa na maji. Na shida kubwa zaidi imelala chini ya msingi wa nyumba. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi pwani: aliyekuja na makaratasi alipewa, ambaye hakuja ardhi yake ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Wengi ambao hawakuja ni watu walioishi pale tangu mababu. Wajukuu wao ndio hadi leo wanaitwa maskwota kwenye mashamba ambayo mababu zao walipanda minazi. Ukisikia ploti ya Kilifi ni bei ya kutupa, uliza nani alitupwa.

Halafu kuna sheria ambayo watu hawaisomi hadi wakutane nayo. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa kukodi, na kwa muda usiozidi miaka 99. "Hiyo ni ya wazungu," utasema. Je, uliapa uraia wa Marekani mwaka gani? Kabla ya Agosti 2010 Kenya haikuruhusu uraia wa nchi mbili. Ukiwa uliapa 2004 na hujawahi kuomba uraia wako urudi, basi kisheria wewe na yule Mjerumani wa Mtwapa mko benchi moja, hata kama kitovu chako kilizikwa Tabaka. Na bima? Pensheni yako inaweza kukufuata, lakini Medicare kwa kawaida hailipi matibabu nje ya Marekani. Uliyemwosha alikuwa na Medicare. Wewe utakuwa na WhatsApp ya mchango.

Lakini hayo yote ni ya kurekebishwa. Neti inanunuliwa, uraia unaombwa, wakili analipwa. Tufike kwa yule mtu ambaye hatajwi kwenye mjadala wa ziwa na bahari: kijana atakayefungua geti, atakayepika uji, atakayekubeba kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti hadi chooni. Huyo ni wa umri wangu. Huyo karibu ni mimi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, naandika makala za kulipwa kwa neno, na nimeshapigiwa simu mara tatu na watu wazuri wa majuu wakiniuliza kama najua "kijana mwaminifu" wa kukaa na nyumba. Mwaminifu kwanza, mshahara baadaye. Hakuna hata mmoja aliyetaja siku ya kupumzika.

Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa mwishoni mwa 2024 kwa mfanyakazi wa nyumbani kilikuwa shilingi 16,113 kwa mwezi, Nairobi, Mombasa na Kisumu. Ona hapo: sheria haitofautishi ziwa na bahari. Ukitoka nje ya majiji, kiwango kinashuka. Na hata hicho, nani hulipa? Mtu aliyepigania saa zake za ziada huko Minneapolis, aliyejua kuripoti bosi akichelewesha malipo, akifika Mtwapa anageuka tajiri wa zamani. Anaanza kusema vijana wa Kenya ni wavivu.

Tena kuna utani mchungu ndani ya sheria zetu. Katiba inasema kijana ni mtu ambaye hajafika miaka 35. Sheria ya uhamiaji inasema mgeni mwenye mapato ya uhakika kutoka nje anaweza kupata kibali cha daraja K, kile cha kukaa bila kufanya kazi, kuanzia miaka hiyo hiyo 35. Yaani siku ambayo rafiki yangu wa Daraja Mbili anaacha kuitwa kijana, bado hajaajiriwa hata siku moja, ndiyo siku ambayo mwenzake kutoka Ulaya anaruhusiwa kuja kupumzika kando ya maji yetu.

Na sisi tunaenda wapi? Tunaenda kutunza wazee wao. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini Berlin makubaliano ya wafanyakazi kwenda huko, na tangu hapo kila mtaa wa Kisii una mtu anayesoma Kijerumani usiku kwa simu. Wazee wanakuja, vijana wanaondoka, tunapishana uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta bila hata salamu. Anayekuja anafuata jua, na anayeenda anafuata mshahara wa kumwosha kaka ya yule anayekuja. Basi wewe omogaka mwenye nyumba Diani, nani atabaki kukuosha wewe?

Najua mtanijibu nini. Mtasema, "Huyu mtoto anataka turudi Kisii tubanane." Hapana. Sitaki. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 957 kwa kila kilomita mraba katika kaunti ya Kisii, na 675 Nyamira. Shamba la babu limegawanywa hadi limekuwa mstari. Mjengo wa vyumba nane ambao mwenyewe analala siku kumi kwa mwaka, umekaa juu ya mahali palipokuwa na migomba na majani chai, ni hasara kwa kijiji. Kama ni mandhari tu, panda ukingo wa Manga siku isiyo na mawingu. Ziwa utaliona kule chini bila kununua ploti.

Mtasema pia kwamba nyumbani mtu hapumui. Kila asubuhi kuna mtu getini: karo, hospitali, mchango, kesi ya shamba. Hilo nalikubali kwa moyo mweupe. Mtu aliyebeba ukoo mgongoni miaka thelathini ana haki ya kukaa mahali ambapo jina lake halijulikani. Lakini basi tuseme wazi kwamba hukuchagua bahari, umechagua kutotuona. Na mtu anayekimbia watu asisahau kwamba ifikapo miaka themanini atawahitaji tena, wawe wa damu au wa kulipwa.

Kuna jambo moja tu ambalo sikubali. Uzee uende Kilifi, halafu maiti ije Kisii. Kumi na tano ya nguvu zako umpe mwanajeshi wa geti wa Mtwapa, na siku ya mwisho utuletee jeneza, hema na msafara, na robo ekari iliyobaki ilale chini ya vigae vyako. Aliyetuchagulia kazi ya kuzika angetuchagulia pia kazi ya kutunza, na atulipe.

Kwa hivyo ninadai mambo machache, na hakuna lililo geni kwenu, kwa sababu ninyi wenyewe mliyapata kule mlikofanya kazi.

Mpe anayekutunza mkataba ulioandikwa. Saa, siku ya kupumzika, likizo, michango yake ya NSSF na SHA. Mlipe kama kazi ya kuosha mtu ni ufundi, maana wewe unajua ni ufundi. Mfundishe: namna ya kumgeuza mgonjwa bila kuvunja mgongo wako, namna ya kumtazama mtu anayesahau. Ujuzi huo ukirudi na wewe ni mali kuliko kontena la fanicha. Kama mtakuja kumi pamoja Kisumu, anzisheni nyumba ya wazee inayoendeshwa sawasawa na kuajiri vijana sawasawa, badala ya kumi kujifungia kwenye kuta kumi na mbwa kumi.

Na ufuo usiuzibe. Wavuvi wa Dunga na akina mama wa omena walipita hapo kabla ya ramani yako. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 62, inasema ziwa ni ardhi ya umma, na pia sehemu ile ya ufuo inayofunikwa na maji yakijaa na kubaki wazi yakipwa. Ulichonunua kinaishia hapo.

Kisha ukae unapotaka. Kaa ziwani, kaa baharini, kaa hata Brooklyn Park karibu na binti yako nesi. Hakuna aibu kuzeekea ulipozalia. Lakini ukinipigia simu kuniuliza ziwa au bahari, nitakuuliza jina la anayekuosha na mshahara wake. Ukiweza kutaja vyote viwili, maji yoyote yatakufaa.