Shujaa Asifungiwe Njia Moja

Steringi hafi, ndivyo walivyozoea kusema vijana wetu tangu enzi za mikanda ya video, na aghalabu wamesema kweli. Lakini iko aina ya shujaa anayewasumbua zaidi kuliko yule aliyekufa mbele ya macho yao, naye ni yule ambaye hadithi imemwacha njiani, haikumzika wala haikumrudisha nyumbani. Katika gemu za kompyuta mashujaa wa namna hii ni wengi, na mabishano juu yao hayana kikomo. Wazazi huyahesabu mabishano hayo kuwa upuuzi. Mimi nathubutu kusema kuwa yanafanana mno na shughuli ya wazee wetu wanaposimulia asili ya watu wetu, na kwamba sisi wakazi wa Maretadu na Mbulu nzima tuna funzo kubwa la kupata humo.

Mfano mashuhuri ni wa The Legend of Zelda. Mwaka 1998 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa gemu iitwayo Ocarina of Time, ambamo kijana Link husafiri baina ya utoto na utu uzima wake ili amshinde dhalimu Ganondorf, na akiisha kumshinda hurejeshwa utotoni. Wachezaji wakauliza: nchi ile aliyoiacha ukubwani ilikuwaje baada ya kuondokewa na shujaa wake, na hii aliyoirudia ikawaje? Waliulizana kwa miaka kumi na zaidi, hata mwaka 2011 kikachapishwa kitabu chenye idhini ya kampuni yenyewe kikapitisha hukumu, kwamba wakati uligawanyika njia tatu: moja ya ukubwani, moja ya utotoni, na ya tatu, ambayo wengi hawakuitazamia, ile ambayo Link alishindwa na adui yake. Zote tatu zikawa halali, wala hapana moja inayozifuta nyingine.

Huku kwetu inajulikana zaidi GTA V, iliyotoka mwaka 2013. Nimewatazama vijana katika kibanda cha gemu, wamebanana kwenye benchi mbele ya televisheni moja, pale Franklin, kijana aliyefunzwa ujambazi na wakubwa wawili, Michael na Trevor, anapotakiwa achague: amuue Trevor, au amuue Michael, au akatae yote mawili na kuwakabili waliomtuma, jambo lililo karibu na kujitafutia mauti. Kelele zilikoma. Mmoja akasema mkubwa haguswi. Mwingine akajibu kwamba Michael alikwisha kumsaliti rafiki yake, basi alipwe. Na mwenye pedi, ambaye zamu yake ilikuwa ikiyoyoma na fedha amekwisha kuilipia, alikaa kitambo kirefu asibonyeze kitu.

Kijana anayeshika mkononi hatima ya mkubwa wake si mgeni katika masimulizi yetu sisi Wairaqw. Wazee husimulia kwamba hapo kale, watu wakikaa Ma'angwatay chini ya kiongozi wao Haymu Tipe, vijana walimteka mwanawe wa pekee, Gemakw, wakamficha msituni, kisha wakatoa sharti la ajabu: hawakutaka ng'ombe wala mali, bali waletewe adui wapigane naye. Baba akaridhia, wakaja Wabarbaig, na vita walivyoviomba vijana vikaangamiza watu wengi. Waliosalia wakakimbia. Gemakw akafika Guser-Twalay hali mgonjwa, akafa, akazikwa hapo. Naye Haymu Tipe akaendelea mpaka Qawirang, katika msitu ulio magharibi ya Ziwa Babati, na huko watu wakamwacha, wakaenda zao kukaa Guser-Twalay. Yasemekana alifia huko Qawirang, na hikaya haisemi zaidi.

Je, aliachwa kwa ghadhabu au kwa ridhaa yake mwenyewe? Nani alibaki naye, na nani alimfukia? Na nyuma ya maswali hayo liko lililo kubwa kuliko yote, lenye kuugawanya wakati kama ulivyogawanyika wa Link: lau Haymu Tipe angekataa kuleta adui, akampoteza mwana akawaokoa watu, tungekuwa watu wa namna gani leo? Sidhani ni sadfa kwamba walioirithi hikaya hii, kwa vizazi vingi kabla ya kuja serikali za kigeni, walitegemea baraza la wazee na hawakumtawaza mfalme.

Tofauti iliyopo ni moja, nayo ni nzito. Zelda ina mwenyewe, awezaye kutoa kitabu na kumaliza ubishi. Hikaya ya Haymu Tipe haina mwenyewe, kila rawi ameipokea kwa wakubwa wake, na kwa sababu hiyo hukumu huangukia kwa yule anayetangulia kushika kalamu. Ndivyo ilivyotokea pwani. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika utendi wa shujaa Fumo Liyongo, na kwa ufasaha wake kila mwanafunzi wa Kiswahili anamjua Liyongo aliyechomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe; ni wachache mno waliosikia kwamba Wapokomo wa Mto Tana wana visa vyao, ambamo Liyongo ni mtawala aliyewaelemea. Kijumwa hakufanya kosa kuandika. Kosa ni letu sisi tuliosoma riwaya moja tukadhani tumemaliza.

Msomi wa tarikh atanijibu kwamba gemu ni gemu, lakini jambo la kweli hutokea mara moja, na Mkwawa wa Wahehe hakufa mara mbili. Nakubali: alijipiga risasi Julai 1898 asipate kushikwa na Wajerumani. Hata hivyo fuvu lililodaiwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudishwa na Gavana Twining mwaka 1954 na kuwekwa Kalenga, wapo walioshuku kama ndilo lake. Kuhifadhi riwaya zote si kusema kuwa zote ni sawa. Ni kumwachia ajaye ushahidi wa kupimia, kwani hakimu aliyesikiliza shahidi mmoja hajahukumu.

Kwetu kazi hii ya kuhifadhi imekwisha kuanzwa. Masimulizi ya Kiiraqw aliyoyakusanya Mjerumani Paul Berger kabla ya Vita Kuu ya Pili yalichapishwa mwaka 1998 chini ya uhariri wa Roland Kießling, mwaka ule ule ilipotoka Ocarina of Time. Lakini ni rahisi kukikuta kitabu hicho katika maktaba za ng'ambo kuliko katika kabati la shule ya kata. Walimu wa Maretadu, Dongobesh na Haydom wawatume wanafunzi na simu zao kwa wazee, wawarekodi kwa Kiiraqw, waandike jina la msimulizi, ukoo wake na kijiji chake, na wasithubutu kuyachanganya masimulizi mawili yakawa moja lililonyooka. Na vijana wetu wanaojifunza kutengeneza programu waitengeneze gemu ya Haymu Tipe, mchezaji asimame mahali pa baba aliyetekewa mwana. Wasiibunie Qawirang kifo cha kupendeza ili gemu ipate mwisho. Kila njia iliyosimuliwa na ichezwe, na juu ya kila njia liandikwe jina la mzee aliyeisimulia.