Kisu cha kukunja kipimwe kwenye bawaba

Mtu akikabidhiwa kisu kipya cha kukunja hufanya yaleyale wanayofanya wengine wote. Hukikunjua, husikiliza ule mlio mfupi wa kifungio kikishika, hugusa makali kwa kidole gumba, pengine huchana kipande cha gazeti, kisha hukikunja na kukitia mfukoni akiwa ameshaamua kwamba ni kizuri. Hukumu nzima haimalizi dakika moja, na imehusu mambo mawili tu: makali na mng'aro. Kwa mtu wa kufungua bahasha na kumenya embe ofisini, hukumu hiyo inatosha. Kwa mvuvi wa Salale, Mbwera, Maparoni au Kiongoroni, huko Delta ambako mto Rufiji unajigawa mikono mingi kabla ya kuingia baharini, haitoshi hata kidogo, na hasara yake huibeba yeye. Makali ya kiwandani hayatuambii mengi, kwa sababu makali yakiisha hurudishwa kwa kinoo, au hata kwa kitako cha kikombe cha udongo. Bawaba ikishakufa, kisu kimekufa nayo. Hapo kwenye bawaba ndipo jicho la kwanza lilipopaswa kutua.

Tuanze na maji yenyewe. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko wa karibu hekta 50,000, mkubwa kuliko mwingine wowote Tanzania, na mikoko ni miti ya mahali ambapo maji ya mto na maji ya bahari hayajaamua nani mwenyeji. Mara mbili kwa siku maji hujaa na kupwa. Wakati wa bamvua bahari hupanda zaidi ya mita tatu, ikaingia vijitoni hadi ndani kabisa, kisha ikarudi na kuacha tope jeusi, laini, lenye chumvi, limeng'ang'ania kila kitu. Muuzaji wa gulioni atamwambia mteja asiogope, hiki ni stenlesi. Neno hilo linawapotosha wengi. Stenlesi si chuma kisichoweza kuota kutu. Ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5, na kromiamu hiyo ikikutana na hewa hujitengenezea utando mwembamba usioonekana, unaokifunika chuma kama ngozi. Ngozi ikichubuka, hewa huiponya. Lakini palipobana, ambapo maji ya chumvi yameingia yakatuama na hewa haifiki, utando haujiponyi, na chumvi huanza kutoboa vishimo vidogo kuelekea ndani. Kwenye kisu cha kukunja, pahali pa namna hiyo ni pale hasa ribiti inapopita katika bapa, kati ya kuta mbili za mpini. Tena bapa linaweza kuwa la stenlesi nzuri huku springi na ribiti ni za chuma cha kawaida, na katikati yake zimewekwa washa za shaba. Chuma cha kawaida na shaba vikilowa chumvi pamoja, chuma ndicho kinacholiwa, na huliwa upesi kuliko kingekuwa peke yake. Kwa hiyo kisu kinaweza kung'aa usoni kama siku kilipotoka kwenye boksi, na ndani kimeshaoza. Siku moja kinakunjuka kwa shida, siku nyingine kifungio hakishiki sawasawa, na bapa linaporudi lenyewe wakati mtu anasukuma, linarudi juu ya vidole.

Kuna pia suala la mkono. Dukani kisu hukunjuliwa na mikono miwili mikavu ya mtu aliyesimama sakafuni. Kwenye mtumbwi, mkono mmoja umeshika pondo au kamba ya wavu, mwingine una ute wa samaki, na ule mfuo mwembamba kwenye bapa, uliotengenezwa ili ukucha upate pa kushika, unateleza kana kwamba umepakwa sabuni. Uzi wa nailoni ukimzunguka mtu kifundo cha mguu wakati wavu unavutwa na mkondo, hana nafasi ya kutafuta mfuo huo. Kisu cha ala, kisichokunjwa, kinachomolewa kwa mwendo mmoja. Tazama pia mfereji ndani ya mpini, pale bapa linapolala. Baada ya kuparua samaki kumi, mfereji huo una magamba yaliyogandamana na damu, punje za mchanga, na miguu ya kamba iliyokatika. Kuutoa uchafu huo kunahitaji kijiti, maji matamu na uvumilivu, na maji matamu vijiji vingi vya Delta hayapatikani kwa wepesi. Kisu kisichokunjwa kinachovywa majini, kinafutwa kwenye kitambaa, na macho yanaona kila sehemu yake imekuwa safi.

Sisemi kwamba kisu cha kukunja hakina kazi Kibiti, wilaya yenye vijiji hivyo vya Delta. Wilaya hii, iliyomegwa kutoka Rufiji miaka ya 2010, ina sura mbili. Ukifuata barabara ya Kilwa, kutoka Jaribu hadi Bungu na Kibiti mjini, uko kwenye nchi ya mikorosho, minazi na michungwa, nchi ya mchanga mkavu, ambako kijana anayemenyea abiria wa mabasi machungwa, au mama anayekata ukindu wa mkeka, anaweza kukaa na kisu kimoja cha kukunja miaka mingi, mradi afute ile asidi ya machungwa jioni. Na historia iko upande wao. Mwaka 1902, sehemu hii ikiwa chini ya Wajerumani, mafundi wa Solingen walianza kutengeneza kisu cha kukunja kiitwacho Okapi kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Walikipa jina la mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, ambaye wanasayansi walikuwa wamemweleza kwa mara ya kwanza mwaka mmoja tu nyuma. Mpini wake ni wa mti, bapa la chuma cha kaboni, na mgongoni kina pete ya kuvuta ili kifungio kiachie. Kiwanda chake baadaye kilihamia Afrika Kusini, na kisu bado kinatengenezwa, kwa sababu ni rahisi, kina vipande vichache, na mtu anakijua kilivyo ndani bila kukifungua. Wafaransa nao wana Opinel, kilichoanza mwaka 1890 huko Savoie, nchi ya milima na wakulima. Wanaokitumia wanajua vizuri kwamba mpini wake wa mti ukilowa huvimba na kulibana bapa, likawa halitoki. Hakuna anayekilaumu kwa hilo. Kilitengenezwa kwa mikono mikavu ya mlimani. Kisu kina nchi yake, na kosa letu ni kukipeleka nchi nyingine kwa kuwa kiling'aa kwenye kaunta.

Hoja ya kwanza nitakayojibiwa ni ya usalama: kisu kinachokunjwa hakimchomi mwenyewe akianguka, na mtoto hakiokoti kikiwa wazi. Ni hoja ya kweli, na jibu lake ni ala. Ala ya ngozi, ya mti mwepesi, hata ya kipande cha bomba la plastiki kilichopashwa moto na kubanwa, inaifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo kuliko bawaba, na haiozi kwa siri. Hoja ya pili ni kwamba kisu cha mhunzi, kilichofuliwa kutoka springi ya gari kuukuu, kinaota kutu usiku mmoja. Kinaota, ndiyo. Lakini kutu yake iko usoni. Asubuhi mwenye kisu anaiona, anaisugua kwa mchanga na majivu, anapaka tone la mafuta ya nazi, na kisu kinaendelea na kazi. Msuka wake umezama ndani ya mpini wa mti, na mpini ukipasuka unachongwa mwingine palepale kijijini. Tatizo la kutu ni pale inapojificha. Kutu inayoonekana ni kazi ya dakika tano.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi na naiheshimu. Kibiti haijasahau miaka ya mauaji, viongozi wa vijiji waliouawa mmoja baada ya mwingine, na ile Aprili ya 2017 askari polisi 8 walipouawa kwa siku moja. Mtu anaweza kuuliza, katika wilaya yenye kumbukumbu hiyo, kwa nini tuzungumzie watu kutembea na visu. Mimi naona hoja hii inaunga mkono ninachokisema. Kisu kilichomo ndani ya kapu la nyavu, au kimening'inia kiunoni mwa mtu aliyelowa hadi magotini, kinajieleza chenyewe, na kila anayekiona anajua ni cha kazi gani. Kinachotia mashaka ni kile kidogo, cheusi, kinachofunguka kwa kubonyeza, kilicholala mfukoni mwa mtu asiye na samaki wala shamba. Wauzaji wengi siku hizi hukisifu kisu kwa wepesi wa kufunguka na kwa kufanana na vya wanajeshi wa kwenye filamu. Kazi inayohitaji mwonekano huo haipo Delta.

Linalobaki ni bei, na hapa wauzaji na Shirika la Viwango Tanzania wana sehemu yao. Mnunuzi wa kipato kidogo akinunua kisu cha bei rahisi kinachokufa mapema, akanunua kingine, na kingine tena, mwisho wa yote amelipa zaidi ya aliyenunua kimoja kizuri. Hana namna ya kulijua hilo mapema, kwa sababu bapa limechorwa jina la kubuni na neno la stenlesi, basi. Haijaandikwa ni chuma cha aina gani, wala springi na ribiti ni za nini. Mfuko wa saruji una daraja lake limeandikwa, nondo ina kipimo chake, na dawa ya korosho ina maelezo ya kuchanganya. Sioni kwa nini chombo ambacho mtu anakitegemea akate kamba kabla hajavutwa majini kiuzwe bila maelezo hata ya mstari mmoja. Alama ya chuma cha bapa na chuma cha bawaba, kwa Kiswahili, kwenye boksi, ni jambo dogo kwa mwagizaji anayeleta visu kwa makontena.

Hayo yatachukua muda, lakini gulio liko kila wiki. Mnunuzi akikunjue kisu nusu na kukitikisa kushoto na kulia. Bapa likicheza kabla halijaonja kazi, litacheza zaidi baadaye. Akiinue kwenye mwanga atazame mgongo wa mpini: ukiwa wazi, maji yanaweza kupita na kuosha, na ukiwa umezibwa, chumvi itakaa. Bawaba iwe ya skrubu, ili siku moja ifunguliwe isafishwe, maana ribiti iliyogongwa haifunguki. Na muuzaji anayekiamini kisu chake akubali jambo moja zaidi. Achukue kimoja kati ya alivyonavyo, akitumbukize kwenye kopo la maji ya Nyamisati, huko Delta, tangu gulio hili hadi lijalo, kisha akikunjue mbele ya wateja, kwa mkono mmoja, uliolowa.