Programu Mpya kwa Kompyuta Kuukuu

Mwanafunzi wa Mwanza akiunda programu ya hesabu katika kompyuta mpya ya Linux, kisha akaipeleka katika shule ya Ukerewe yenye toleo la zamani, huenda ikakataa kabisa kufanya kazi. Programu hiyo hudai maktaba, yaani mafungu ya maelekezo ya pamoja, ambazo mashine ya zamani haina. Meli ya bandarini haiwezi kufika mwaloni penye maji haba.

Dawa ilikuwapo tangu mwaka 1979, mfumo wa Unix ulipopata amri iitwayo chroot. Ndani ya kompyuta mpya hutengwa chumba chenye maktaba za toleo la zamani tu, na programu huundwa humo. Ikikamilika hufanya kazi katika mashine kuukuu, na kwa kawaida katika mpya pia.

Ndugu walimu, ufundi huu ufundishwe. Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, mwanafunzi na ajiulize: mashine kuukuu kuliko zote nitakayoihudumia ni ipi? Tusiwaambie wa visiwani wanunue kompyuta mpya kwa sababu ya uvivu wetu.