Je, ni haya mzazi kucheza kwenye kazi?



Siku tatu kisha siku kuu ya kazi, 1 Mei, nilimnyang'anya mtoto mmoja wa klasi ya chini telefone yake. Ninyi mlioniona ndani ya lupango mlisema: kapita anafuata sheria ya masomo. Leo ninaandika ili niseme kweli. Sheria iko, lakini siyo sheria iliyonisukuma. Ni haya. Ndani ya ile telefone mlikuwa baba yangu anacheza.

Kwanza nilisikia vicheko, halafu mmoja akaniita: «Kapita, kuya uone papa yako!»

Baba anaunga vyuma katika kampuni moja ya huku kwetu. Siku ile wakubwa wa kazi walipanga mashindano: kila kikosi kionyeshe kipawa chake, kuimba, kuchekesha ao kucheza. Baba na wenzake watatu walicheza na nguo za kazi na kofia ngumu kichwani. Wimbo walitunga wenyewe, juu ya viatu vya kazi vinavyopasuka mbele mwezi uishe. Wakapata nafasi ya pili: mfuko wa unga na bidon ya mafuta. Ule unga uliingia nyumbani, na mimi nilikula. Nilikuwa na haya ya ngoma, lakini ya bukari sikuwa nayo!

Wengine kati yenu wanasema Mkristo hachezi. Basi waende watazame miguu ya korali yetu siku ya Mungu. Na kila mara mmoja atasimama kututajia mfalme Daudi aliyecheza mbele ya sanduku, na Mikali akamzarau. Mimi sitaki kujificha nyuma ya Daudi. Yeye alikuwa mfalme, hakuna mtu angeweza kumfukuza kazi.

Tuangalie afazali watu wa kazi kama sisi. Mbeni ilizaliwa pwani ya Kenya, upande wa Mombasa na Lamu, katika miaka ya 1890, ikapanda mpaka huku Katanga. Katika miaka ya 1920 watu wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walikuwa wanaicheza, wakijipa vyeo vya wazungu: huyu mfalme, yule gavana. Kuvuka mpaka, kule Luanshya katika Zambia, watu wa kazi walicheza kalela siku ya kupumzika, na suruali safi na viatu vya kungaa. Mmoja alivaa kanzu nyeupe ya dokta. Mwalimu mmoja, J. Clyde Mitchell, aliandika kitabu kizima juu ya ile ngoma, mwaka 1956. Wale watu juma lote walikuwa wanaitwa boyi. Siku moja tu mtu anakuwa dokta, na watu wanakuja kumutazama.

Lakini kuko ngoma ingine, na hapa wenye kucheka wanaweza kuwa na haki kidogo. Nkambo yangu alifanya kazi wakati wa chama kimoja, MPR. Katika miaka ya 1970 na 1980 animasio ilikuwa kila pahali: masomoni, maofisini, makampunini, watu wanaimba na kucheza kwa kumusifu Mobutu, kisha ndipo kazi inaanza. Mpaka tarehe 24 Aprili 1990 aliposema chama kimoja kimekwisha. Nilimuuliza nkambo kama alikuwa anacheza vizuri. Akanijibu: «Ile haikukuwaka ngoma, ilikuwa kazi. Banasema cheza, unacheza. Bibi yako naye, na sura ya mukubwa mugongoni mwa kitenge.» Tangu pale hachezi tena, hata kwenye ndoa ya baba alikaa kwenye kiti. Na tarehe 1 Mei alikataa kwenda kutazama.

Basi nilimuuliza baba pia: nani aliandika jina lako? Akasema aliliandika mwenyewe. Ila mmoja wa wale watatu hakutaka. Mukubwa wake alimwambia kikosi kisipopata watu wane itaonekana vibaya. Mnaona? Wanacheza mustari mmoja, wimbo mmoja, na mmoja kati yao anacheza animasio ya nkambo.

Mimi ninafikiri mashindano ni mazuri kama yule anayekaa kwenye kiti hapotezi kitu. Wakubwa waulize watu, wasihesabu vikosi. Na sisi hapa, tunapopanga siku ya wazazi, tuache kusema «kila klasi lazima itoe ngoma». Ile lazima niliiandika mimi kwenye ubao mwaka jana, kwa mukono wangu.

Kwa kucheka kwenu, sina la kuwaambia ila hili: katika ofisi baba hawezi kusema neno juu ya viatu. Siku ile alilisema mbele ya wakubwa wote, na walipiga makofi. Viatu bado havijakuja.

Telefone iko ndani ya kabati ya direkta wa disiplini. Nilienda kumweleza yote, naye akakubali kuirudisha siku ya Ijumaa. Mwenye nayo aliniogopa, akaahidi kufuta ile video. Nilimwomba asiifute, kwanza anitumie, kwa sababu nkambo amesema pengine ataiangalia.