Robo ya kidonge ni kiasi gani?

Wiki iliyopita nilimkuta dada anakata kidonge kwa wembe juu ya kisosi. Mwanawe wa miezi saba ana tatizo la moyo, na dawa aliyoandikiwa, spironolaktoni, ilikuja ya miligramu 25, ya watu wazima. Daktari alisema robo. Robo ya kwanza ilitoka nene, ya pili ikawa unga.

"Mdogo wangu, hapa leo amepata kiasi gani?"

Sikuwa na jibu.

Ndiyo maana nafuatilia kazi ya kuchapa dawa kwa printa ya wino, aina ileile tunayoiona steshenari. Badala ya karatasi kuna utando mwembamba unaolika, na wino wenyewe ni dawa. Ujazo wa kila tone unajulikana, hivyo dozi ya mtoto wa kilo sita inakuwa hesabu ya matone tu.

Kazi ipo kwenye wino. Dawa nyingi, spironolaktoni ikiwemo, haziyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo husagwa humohumo majini mpaka kila chembe iwe chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Tundu la printa ni jembamba kuliko unywele. Chembe zikigandana, linaziba. Wataalamu huongeza kitu kinachofanya kazi kama sabuni ili zisishikane, na mara nyingine gliserini, wino usiwe mwepesi ukatawanyika. Ukizidi uzito nao, hautoki.

Halafu chembe zisituame. Zikituama, tone moja lina dawa nyingi na jingine lina maji, na hapo hamjatofautiana na wembe wa dada.

Mwaka 2011 watafiti wa Graz, Austria, walionyesha kwamba inawezekana, wakitumia asidi ya foliki, ileile wanayopewa wajawazito kliniki.

Lakini usiende kuiulizia duka la dawa kesho. Muulize mfamasia kama dawa ya mwanao ipo ya maji, au kidonge cha kuyeyusha kwenye kijiko. Na usikate kidonge chenye ganda au kinachotoa dawa polepole kabla hajakuruhusu.

Dada aliuliza. Mfamasia wa hospitali sasa anamtengenezea ya maji, yenye maandishi "tikisa kabla ya kutumia". Anaitikisa mpaka mkono unauma.