Bima ya Gari Lako: Ni ya Trafiki au ya Mwizi?

Jirani yangu mmoja huku Eastlands aliamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazi, akakuta nafasi tupu mahali alipokuwa ameegesha Probox yake. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Afadhali niko na bima." Kufika mchana alikuwa ameketi kwenye ngazi, simu mkononi, kimya. Ajenti alikuwa amempa habari ambayo hakupewa siku ya kulipa: bima yake ni ya thad pati. Gari likiibwa, hailipi hata shilingi.

Maoni yangu ni haya: wengi wetu hununua bima ya kumridhisha askari wa trafiki. Sheria, ile Sura ya 405, inakutaka uwe na bima ya kuwalinda watu wengine utakaowaumiza barabarani. Lakini haikulazimishi kulinda gari lako mwenyewe lisiibwe. Kwa hivyo ukilipa kile kiasi kidogo cha mwezi na kupata cheti chako, kwa trafiki uko sawa. Kwa mwizi, huna kitu.

Bima ziko za aina tatu. Ya kwanza ni thad pati pekee. Ya pili ni thad pati pamoja na moto na wizi, na hii wengi hatuiulizii kabisa. Ya tatu ni komprehensivu, inayobeba pia ajali za gari lako. Kama komprehensivu imekushinda bei, au gari limezeeka hadi kampuni inakataa kulipa hiyo, uliza ile ya katikati kabla ya kukata tamaa.

Haya, tuseme una komprehensivu. Bado kuna ekses, yaani sehemu ya hasara unayobeba wewe mwenyewe. Viwango hutofautiana, lakini chukua mfano wa gari la Sh800,000 na mkataba unaosema ekses ya wizi ni asilimia 10 kama gari lina traka, na asilimia 20 kama halina. Likiibwa likiwa na traka, unabeba Sh80,000. Bila traka, Sh160,000. Ndiyo maana nasema swali la traka liulizwe siku ya kununua bima, wala si siku ya kuandikisha abstrakti polisi.

Na vioo vya pembeni je? Si unajua jam ya jioni mjini, kijana anapita, kioo kimeenda. Hapa nitasema kitu ambacho muuza bima hapendi kusema: usitegemee bima kwa kioo. Kama ekses yako ya chini ni Sh15,000 na kioo ni Sh7,000, hakuna cha kulipwa. Na ukidai vitu vidogo vidogo, unaweza kupoteza punguzo la wasiodai mwaka unaofuata. Kioo ni kazi ya akiba. Weka mia mbili kila wiki kwenye akiba ya simu, kisha chora namba ya gari kwenye vioo na taa ili zisiuzike kirahisi.

Wakivunja dirisha, soma mkataba vizuri. Kioo cha mbele na redio huwa na kikomo chake. Laptopu, mkoba na simu ulizoacha kwenye kiti mara nyingi hazimo kabisa. Simu ikienda, usingoje kufika kituo cha polisi. Azima simu ya mtu, piga huduma kwa wateja, laini na akaunti vifungwe. Dirisha litarekebishwa kesho, lakini pesa zikishatolewa, kuzirudisha ni kazi.

Kuna mambo mengine huharibu dai hata kama umelipa. Kuacha ufunguo ndani injini ikinguruma ukanunue mkate. Kukodisha gari la binafsi wikendi bila kuambia kampuni. Aliyekodi akitoroka nalo, jiandae kwa mabishano. Kupoteza ufunguo wa pili. Mara nyingi kampuni huitisha zote mbili.

Mwisho, njia ya kulipa. Sheria ya Bima inataka malipo yafanywe kabla kampuni haijabeba hatari. Pesa ikikaa kwa simu ya ajenti wiki mbili, nawe gari likaibwa katikati, utajieleza sana. Usitume kwa namba ya mtu binafsi, hata kama ni shemeji yako. Lipa kwa Paybill ya kampuni yenyewe, andika namba ya gari au ya mkataba kwenye sehemu ya akaunti, na usifute ujumbe wa malipo. Kama unalipa kwa awamu, weka kikumbusho: awamu moja ikikupita, unaweza kuwa barabarani bila bima.

Kabla ya kulipa tena, uliza maswali matatu: Gari likiibwa mnalipa? Ekses ni ngapi? Traka inabadilisha nini? Ajenti akikwepa hata moja, shika pesa zako kwanza. Jirani yangu sasa anapanda matatu, na anayauliza maswali hayo kwa niaba ya kila mtu kwenye ploti.