Konde zito na kichwa kilichopigwa

Katika shule za nchi hii ya majani chai, kuanzia Kericho mjini hadi Litein, Sotik na Bomet, kuna ubishi mmoja usiokwisha, katika vyumba vya walimu na katika mabweni ya wanafunzi vilevile: ni bondia yupi wa uzani mzito aliyepata kuwa na konde zito kuliko wenzake wote, wa zamani na wa sasa? Walimu wenye mvi humtaja George Foreman. Wale waliokuwa vijana katika miaka ya themanini hawataki kusikia jina jingine ila la Mike Tyson. Wanafunzi, ambao ndondi wameziona katika simu za wazazi wao wakati wa likizo, husema Deontay Wilder au Francis Ngannou, na wakibanwa sana hucheka, kana kwamba kicheko nacho ni hoja.

Ubishi huu si mbaya. Huwazoesha vijana kupanga maneno na kutafuta ushahidi, na ni bora mara mia kuliko umbeya wa nani amepandishwa cheo na nani amehamishiwa wapi. Lakini unaendeshwa bila mizani, nasi watu wa chai tunaijua vyema balaa ya kukosa mizani. Mkulima apelekaye majani mabichi kituoni huitazama mizani kabla ya kumsalimu karani, maana anajua kwamba kilo ya leo na kilo ya jana lazima ziwe sawa, la sivyo malipo ya mwezi na bonasi ya mwisho wa mwaka vyote ni hadithi.

Tazama mchezo wa mbio, ambao ndio fahari ya nyanda hizi. Wilson Kiprugut Chuma, aliyetoka papa hapa Kericho, aliiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 1964, alipomaliza wa tatu katika mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 45.9. Mwaka 2012, mjini London, David Rudisha alizikimbia mita hizo hizo kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Tofauti ni sekunde tano hivi. Anayetaka kumtetea mzee wetu anaweza kusema, na atasema kweli, kwamba njia ya Tokyo ilikuwa ya majivu ya makaa yaliyoshindiliwa, ilhali ile ya London ilikuwa laini na yenye kumrudisha mkimbiaji juu. Hata hivyo saa ilikuwepo pande zote mbili, na mita zilikuwa zile zile. Tunabishana tukiwa na mahali pa kuanzia.

Katika ndondi mahali hapo hapapo. Hata neno lenyewe, uzani mzito, limebadilika maana. Jack Dempsey alipomwangusha Jess Willard mara saba katika raundi ya kwanza, mjini Toledo, Marekani, tarehe 4 Julai 1919, alikuwa na kilo 85 hivi, na Willard alikuwa na zaidi ya kilo 110. Rocky Marciano, aliyestaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapigano yake yote 49, na 43 kati ya hayo kwa nokauti, naye alikuwa wa kilo 85 au pungufu kidogo. Mabondia wa kilo hizo leo huwekwa katika uzani wa kruza, ambao kikomo chake ni karibu kilo 91. Kwa upande mwingine, Tyson Fury alipopigana na Wilder mwaka 2018 alikuwa na kilo 116. Kuuliza kama Marciano angemwangusha Fury ni sawa na kuuliza kama ng'ombe wa zizi letu angeishinda trekta: swali linaburudisha, ila jibu lake halimo katika kumbukumbu yoyote.

Wabishi wakikwama hapo hukimbilia orodha ya nokauti. Foreman alishinda 68 kwa nokauti. Earnie Shavers naye, ambaye wengi waliopigana naye walimtaja kuwa ndiye mwenye konde zito kuliko yeyote waliyekutana naye, alishinda 68. Wilder, kabla ya kukutana na Fury, alikuwa amepigana mara 40, akashinda zote, na 39 kati yake kwa nokauti. Basi mshindi ni nani? Mchumaji yeyote wa chai atakuambia kwamba vikapu viwili vyaweza kuwa na kilo sawa, kimoja kikawa cha majani mawili na chipukizi, na kingine kikajaa majani makavu na vijiti. Ni lazima uulize ni akina nani walioangushwa. Foreman alimwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili, mjini Kingston, Jamaika, Januari 1973, na Frazier huyo alikuwa hajapata kushindwa na yeyote, hata Muhammad Ali. Hayo ndiyo majani mawili na chipukizi. Mimi nikilazimishwa kupiga kura, kura yangu ni ya Foreman kwa sababu ya usiku ule mmoja, wala si kwa sababu ya zile 68.

Aidha, orodha zenyewe zina upofu. Hazimjui bondia ambaye mapigano yake hayakupigwa picha na kuuzwa duniani. Katika ubishi huu wote wa Kericho na Bomet sijapata kumsikia mtu akimtaja George Onyango, Mkenya aliyetwaa dhahabu ya uzani mzito katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Auckland mwaka 1990, wala Omar Ahmed, Mkenya mwenzake aliyeitwaa katika uzani huo huo mjini Victoria, Kanada, mwaka 1994. Wala hawatajwi Waganda George Oywello, aliyeshinda mjini Perth mwaka 1962, na Benson Masanda, mjini Edinburgh mwaka 1970. Dhahabu nne za uzani mzito zimekuja Afrika Mashariki, nasi tunabishana juu ya wana wa Texas na Alabama tu! Sisemi kwamba Onyango alikuwa na konde kama la Foreman. Nasema kwamba mwanafunzi asiyejua kuwa aliishi hana haki ya kutamka neno "kuliko wote".

Je, sayansi haiwezi kutuamua? Imejaribu. Mwaka 1985 wataalamu wa Uingereza walichapisha katika jarida la British Medical Journal vipimo vya konde la Frank Bruno, bondia wao wa uzani mzito. Ngumi yake ilikwenda kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde, na nguvu yake ikafika kilele cha newtoni zaidi ya 4,000 katika muda wa milisekunde 14. Hiyo ni kama uzito wa magunia manne na nusu ya mahindi, ya kilo 90 kila moja, yaliyokuja na kuondoka kabla jicho halijapepesa. Bruno huyo aliyepimwa alipigwa na Tyson mwaka 1989, na akapigwa tena mwaka 1996. Miaka ya karibuni Ngannou, kijana wa Kameruni aliyechimba mchanga kwa sepeto tangu utotoni, alipiga kitu cha kupimia kikatoa tarakimu ya zaidi ya 129,000, lakini kwa vizio vya mashine hiyo yenyewe, visivyoweza kulinganishwa na newtoni za Bruno. Ni mizani yenye kilo zake binafsi. Alimwangusha Fury katika raundi ya tatu mjini Riyadh mwezi Oktoba 2023, akapoteza kwa pointi, na mwezi Machi 2024 Anthony Joshua akamlaza katika raundi ya pili.

Wenzangu mnaofundisha fizikia mnayo nafasi adimu hapa. Tundikeni gunia la mchanga la kilo zinazojulikana kwa kamba ndefu, mwanafunzi aliyefungwa kitambaa vizuri kifundoni alipige mara moja, na wenzake wapime gunia limepanda sentimita ngapi. Kutokana na kimo hicho watapata kasi ya gunia, na kutokana na kasi na uzito watajua konde lilikuwa na msukumo kiasi gani. Ninabashiri kwamba mwenye misuli minene zaidi darasani hatakuwa wa kwanza. Atakuwa yule anayesukuma kutoka kwenye nyayo, akageuza nyonga, na mkono ukafika mwisho kama ncha ya mjeledi.

Lakini gunia halina ubongo, na hapo ndipo ubishi wetu unapopotoka kabisa. Konde halimwangushi mtu kwa uzito wake tu. Linalomwangusha hasa ni kule kichwa kuzungushwa ghafla juu ya shingo, hata ubongo ukachelewa nyuma kidogo kisha ukakokotwa, na nyuzi zake zikavutika. Aliyeliona konde likija hukaza shingo. Asiyeliona haikazi, na konde dogo la pembeni likamfanya jambo ambalo konde kubwa la mbele halikuweza kumfanya. Kwa hiyo nguvu ya konde si mali ya mpigaji peke yake. Nusu yake imo katika aliyepigwa: shingo yake, uchovu wake, na kama alikuwa anatazama. Shavers alimwangusha Larry Holmes mwaka 1979 kwa konde ambalo lingemaliza kazi kwa wengi, Holmes akainuka, akashinda katika raundi ya 11. Wilder alimlaza Fury katika raundi ya 12 mwaka 2018, Fury akafumbua macho na kusimama. Tumwulize nani sasa: konde, au kichwa?

Na kuna usiku wa tarehe 29 Septemba 1977, katika ukumbi wa Madison Square Garden, ule wa New York, si ule wa wanandondi wa Nakuru ulioazima jina hilo. Shavers alimpiga Ali makonde mazito raundi baada ya raundi. Ali hakuanguka. Alimaliza raundi zote 15 na akapewa ushindi kwa pointi, kisha, kwa kawaida yake ya mzaha, akasimulia kwamba pigo moja lilikuwa zito hata likawatikisa jamaa zake walioko Afrika. Tukacheka, maana jamaa hao ndio sisi. Lakini daktari wake, Ferdie Pacheco, aliacha kazi baada ya pigano hilo kwa kuwa bondia wake hakukubali kustaafu. Mwaka 1984 ikatangazwa kwamba Ali ana ugonjwa wa Parkinson, na madaktari hawajaafikiana ni kiasi gani cha ugonjwa huo kilitokana na ulingo. Katika orodha ya nokauti usiku ule ni sifuri kwa Shavers. Mwenye kuamini orodha hizo na aniambie sifuri hiyo ina uzito gani.

Mtu atauliza haya yanatuhusu nini sisi, ambao watoto wetu ni wembamba wa mbio na si majitu ya kilo mia. Yanatuhusu kwa sababu msiba mkubwa wa ndondi za Kenya haukutoka katika uzani mzito. Robert Wangila alikuwa bondia wa uzani wa welta, ambao kikomo chake katika Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988 kilikuwa kilo 67. Huko alimlaza Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika ndondi, na hadi leo hajatokea wa pili. Mwezi Julai 1994 alipigana na David Gonzales mjini Las Vegas. Pigano liliposimamishwa alikuwa bado amesimama kwa miguu yake, na alilalamika kwamba angeweza kuendelea. Alizimia baadaye, akafariki akiwa na umri wa miaka 26.

Kilo 67 ni uzito wa kijana yeyote wa kidato cha nne. Mwanafunzi aliyesadikishwa na ubishi wetu kwamba konde la hatari ni la akina Foreman peke yao hudhani lake ni mchezo, na analitumia bwenini kwa ajili ya sabuni au kitanda. Mwalimu wa zamu naye, akiona aliyepigwa amesimama na anazungumza, humwambia anawe uso arudi darasani. Wangila pia alikuwa amesimama na anazungumza. Kijana aliyepigwa kichwani akianza kutapika, au akiuliza mara mbili jambo lile lile, au akisinzia saa isiyo ya usingizi, ni wa kupelekwa hospitalini jioni hiyo hiyo, wala si kesho baada ya gwaride. Na asimamiwe usiku, hata kama hana jeraha la kuonekana.

Ama kuhusu ubishi wenyewe, sipendekezi uzimwe. Napendekeza vyama vya mijadala vya shule zetu vigeuze mada muhula ujao, viulize ni bondia yupi wa uzani mzito aliyestahimili makonde mazito zaidi, na kwa gharama gani. Mimi nitamtetea Ali. Atakayemchukua Holmes ajiandae vizuri, kwa maana ana hoja.